Nukta Mbili Hafifu

Barua ilimfikia Saoudat Jumatatu saa nne asubuhi, chuoni Mvouni, katikati ya kipindi cha asidi na besi, na tangu dakika ile hakukaa kitako tena. Aliisoma akiwa amesimama mbele ya darasa. Akaisoma tena nje, karibu na tangi la maji ya mvua. Akaisoma mara ya tatu akiteremka kwenda Moroni kwa miguu, maana subira ya kungoja gari hakuwa nayo, na wanafunzi waliompita njiani walidhani mwalimu wao amefiwa.

Hakufiwa. Profesa wake wa Bordeaux, mzee mwenye adabu nyingi na mwandiko mbaya, alimwandikia mistari sita tu. Mtahini wa kutoka Paris ameisoma tasnifu na ameipenda, ila jambo moja linamkereketa: mchoro wa kumi na nne. Anataka kuiona filamu yenyewe ya eksirei, si mchoro uliochorwa kwa mkono. Tafadhali itume kwa ndege ya Jumamosi. Isipofika, jopo halitakaa mwezi wa sita, na mpaka likae mwakani, Wamarekani wanaoshughulika na jambo lilelile watakuwa wamekwisha kuchapisha la kwao.

Tafadhali itume. Mtu aliyekaa Bordeaux anaweza kuliandika neno kama hilo huku anakunywa kahawa.

Nieleze upesi kilichomo katika mchoro huo, kwa sababu Saoudat mwenyewe siku ile hakuwa na utulivu wa kumweleza mtu. Kuna vitu ambavyo si kigumu kamili wala si kioevu kamili. Molekuli zake ni ndefu na nyembamba, mithili ya njiti za kiberiti, na hata zikitiririka hazisahau kujipanga. Ndizo fuwele kioevu, zile zinazoandika tarakimu kwenye saa za mkononi za siku hizi. Saoudat alikuwa ametumia miaka minne kulinganisha kitu kimoja katika hali mbili. Kwanza kikiwa bonge, fuwele nene unayoweza kuishika kwa koleo. Pili kikiwa utando, kimevutwa juu ya tundu la kipande cha kioo kama povu la sabuni linavyotanda kwenye pete, mpaka kimebaki tabaka chache tu za molekuli. Ukipitisha eksirei katikati yake, kwenye filamu iliyowekwa nyuma hutokea nukta nyeusi. Kwenye bonge nukta zilikuwa sita, zimekizunguka kitovu kwa umbali sawa, na maana yake ni kwamba molekuli zimesimama wima, bega kwa bega. Swali lilikuwa la utando, ambao hauna ndani, una juu na chini tu. Humo zinasimama vilevile, au zinainama? Zikiinama, nukta mbili za ncha, ya juu na ya chini, hupotea, zikabaki nne.

Mchoro wa kumi na nne ulikuwa na nukta nne.

Kwa nukta hizo nne Profesa alikuwa amempa mkono wa pongezi mbele ya maabara nzima, na habari zikavuka bahari, na mtaa wao wote wa Badjanani ukaanza kumwita daktari kabla jopo halijakaa. Muuza samaki alimwita daktari. Imamu alimwita daktari. Bibi mmoja wa jirani alimletea goti lake alitazame. Saoudat alicheka, akalitazama.

Lakini kuna asubuhi moja ya baridi kule Bordeaux ambayo hakumsimulia mtu. Aliiweka filamu juu ya meza ya taa, ile inayomulika kutoka chini, na pale juu, na pale chini, akaona madoa mawili mepesi, kama alama ya kidole kilichogusa kikaondoka. Alijiambia ni vumbi. Alipuliza. Kisha akachukua wino akachora nne, mkono ukienda haraka kuliko kawaida yake. Wiki ya pili akamwomba Profesa amruhusu kurudi na filamu nyumbani Moroni, akapime pembe kwa utulivu, na Profesa akakubali. Pembe hakuzipima. Miezi saba bahasha ilikaa ndani ya kabati, chini ya nguo za Idi, na yeye hakuifungua hata mara moja.

Sasa alifika nyumbani, kwenye kichochoro kilicho nyuma ya msikiti wa zamani wa Ijumaa, akapita bila kuamkia, akalifungua kabati. Nguo za Idi zilikuwepo. Bahasha haikuwepo. Akazimwaga nguo sakafuni, akavuta droo, akapiga magoti akachungulia uvunguni.

"Unatafuta ile karatasi ya kioo?" aliuliza mama yake, Koultoumi, kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika kisu na nusu ya nazi.

"Iko wapi, Mama?"

"Salama."

"Salama wapi?"

Koultoumi alikaa kwanza. Mwezi wa tatu, alimkumbusha bintiye kana kwamba kuna mtu Moroni aliyesahau, askari wazalendo wa kikosi cha walinzi walijaribu kuwaasi makamanda wao wa kizungu, wale mamluki waliokuwa juu ya vichwa vya watu tangu sabini na nane. Uasi ukashindwa siku ileile. Msa, mtoto wa Mdahoma, kaka yake Koultoumi, alikuwa mmoja wa askari waliokamatwa, na msako ukaingia mjini, nyumba kwa nyumba, wakitafuta makaratasi.

"Walikuwa wamefika nyumba ya tatu kutoka hapa," alisema. "Wewe uko Mvouni. Mimi nikafungua bahasha yako nione kama kuna la kutuponza. Mwanangu, ilikuwa ramani ya kambi! Pale katikati nyumba ya mkubwa wao, na pembeni bunduki zimeizunguka. Mimi si msomi lakini macho ninayo."

"Ni molekuli, Mama."

"Na wao wangejuaje? Nikaiweka katikati ya nguo mpya ya shiromani iliyokunjwa, nikampa jirani aliyekuwa anasafiri kwenda harusini Anjouan. Nikamwambia ampe mjomba wako Mdahoma mkononi, na amwambie maneno mawili: asimwonyeshe mtu."

"Na askari walipokuja hapa?"

Koultoumi aliitazama nazi yake. "Hawakuja," alisema. "Walirudi kwenye gari wakaenda zao."

Saoudat alitaka kupiga kelele. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Hasira ilikuwa ya kweli, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikimtekenya na ambacho hakutaka kukipa jina. Jioni alikata tiketi ya ndege ya Jumatano.

Uwanjani mizigo ilipekuliwa na mamluki mmoja mwenye shati la mikono mifupi na shingo iliyoiva kwa jua. Alitoa kwenye mkoba wa Saoudat kanga moja, rula ya chuma, kipimapembe, na lenzi. Akavipanga mezani kimoja kimoja.

"Mwalimu?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Wa kemia."

"Kemia ni mabomu," alisema, akacheka peke yake. Mkononi alikuwa na saa ya tarakimu. Saoudat alijikuta anaikodolea macho ile saa, zile namba nyeusi zilizokuwa zikigeuka kila sekunde, molekuli zilezile alizozipa miaka minne ya ujana wake, zimebanwa kati ya vioo viwili, zikilala na kunyanyuka kwa amri ya betri. Yule mtu alidhani anatazamwa yeye. Akamrudishia vitu vyake haraka, akamwambia apite.

Mutsamudu, mji mkuu wa Anjouan, alikuwa hajaukanyaga tangu utotoni. Vichochoro vya mji wa mawe vilikuwa vyembamba vilevile, na yeye alivipita karibu mbio, akigongana mabega na watu na kuomba radhi kwa Kingazija, lahaja ya kisiwa cha Moroni, mpaka mwanamke mmoja akamcheka namna anavyosema, akamwuliza ndugu zetu wa Moroni wanakimbilia wapi siku zote. Saoudat alizidi kupanda. Nyumba ya mjomba ilikuwa juu, karibu na ngazi za kupandia ngomeni. Si nyumba ya mjomba hasa, ni ya mkewe, Hayati, maana mwanamume wa visiwani huhamia kwa mke. Mdahoma alitoka Badjanani akiwa kijana, akaja kuoa huku, na kwa miaka thelathini amewafundisha watoto wa mtaa ule Kurani. Ndiyo maana aliitwa Fundi, yaani mwalimu. Alijua pia ilimu ya ramli, kusoma nukta, na ingawa mashehe wengine walimnunia kwa hilo, wake zao walikuja kwake kwa mlango wa nyuma.

Hayati alimpokea kwa machozi. Tangu Msa akamatwe, kila mgeni alipokewa kwa machozi katika nyumba ile. Mjomba alikuwa amekaa kwenye busati, amekonda, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Mwanangu Saoudat. Karibu, karibu. Mama hajambo?"

"Hajambo, Mjomba. Shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya ile karatasi."

"Najua," alisema Mdahoma. "Nilikuwa nangoja mtu aje kuulizia. Mama yako amefanya jambo kubwa, mwambie sitamsahau. Ametumia akili. Maana huku ningempata nani wa kumpigia Msa ramli ambayo mimi mwenyewe siwezi kuipiga? Baba hawezi kumpigia mwanawe, mkono unatetemeka. Nilipofungua shiromani nikaiona, nikajua mara moja: dada yangu amekwenda kwa mtu huko Ngazidja, tena mtu mkubwa, amempigia Msa, akaniletea mimi niisome na kuiosha."

Saoudat alilirudia neno moja. "Kuiosha?"

Mdahoma alinyanyuka, akafungua sanduku, akamletea filamu yake kwa mikono miwili. Ilikuwa safi. Ilikuwa safi kabisa, karatasi ya plastiki inayoonyesha ng'ambo kama kioo cha dirisha, na kwenye kona moja imebaki mikwaruzo ya namba aliyoichora mwenyewe kwa sindano kule Bordeaux.

"Ilinipa taabu," alisema mjomba, na sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo. "Wino wa zafarani hutoka kwa marashi peke yake. Huu ulikuwa mgumu, tena umeng'ang'ania pande zote mbili. Nikachemsha maji. Nikayatia marashi, nikailoweka, nikasoma, nikakwangua polepole kwa kauri. Ikatoka kama utando wa maziwa."

Juu ya rafu, kando ya msahafu, palikuwa na chupa ya maji ya kijivu. Mdahoma aliinyooshea kidole. "Ile yote iko mle. Siku tukiruhusiwa kumwona, Msa atanawa uso."

Saoudat aliishusha chupa. Aliigeuza kwenye mwanga wa mlango. Vipande vidogo vya ute vilielea, vikazunguka, vikatua chini. Miaka minne. Alitaka kulia, akangoja machozi, na badala yake furaha ikampanda kifuani mpaka akaona haya mwenyewe. Sitamfichia: alifurahi. Filamu haipo! Hakuna mtahini wa Paris wala wa wapi atakayeiweka juu ya meza ya taa. Kilichobaki duniani ni mchoro wa kumi na nne, wenye nukta nne, na neno lake yeye.

Barua akaanza kuiandika palepale kichwani. Profesa mpendwa, kwa masikitiko makubwa nakuarifu kwamba wakati wa msako wa mwezi wa tatu walinzi waliingia nyumbani wakaichukua. Nani angebisha? Huko Ufaransa magazeti yalikwisha kuandika habari za mamluki wa Komoro. Profesa angemhurumia, mtahini angeona aibu ya kuuliza zaidi, na labda wangemsimamia joponi kwa makofi. Watu wabaya walikuwepo, tena wazima na bunduki zao, na uongo mmoja juu yao usingewaongezea kitu. Sentensi zilikuja zenyewe, kwa Kifaransa safi, moja ikivuta nyingine. Mwili wote ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Usihuzunike," alisema mjomba, aliyemwona bado ameshika chupa. "Nakala ninayo."

Saoudat aligeuka.

"Huwezi kuosha kabla ya kunakili, mwanangu. Ukiosha bila kunakili umeitupa. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua." Tayari alikuwa amelitoa daftari, daftari nene la karani lenye jalada gumu, akalifungua katikati. "Niliiweka kwenye kioo cha dirisha na ukurasa juu yake, jua la asubuhi likiwa nyuma, nikafuata kila nukta mahali pake. Kisha nikapima kwa uzi."

Saoudat alilitazama daftari kutoka pale aliposimama, hakutaka kusogea. Kisha akasogea.

Kitovu kilikuwepo. Nne kubwa zilikuwepo, nyeusi, mbili kushoto na mbili kulia. Na juu kabisa, na chini kabisa, mjomba alikuwa ameweka mbili nyingine kwa ncha ya kalamu, ndogo, za kijivu, na kando ya kila moja ameandika kwa herufi za Kiarabu neno moja: hafifu.

"Hizi mbili," alisema Saoudat, akizigonga kwa kidole. "Hizi ni vumbi."

"Siyo."

"Filamu ilikuwa imekaa miezi saba ndani ya kabati, Mjomba. Imefungwa kwenye shiromani. Kuna vumbi, kuna alama za vidole..."

"Niliifuta kwa pamba."

"Basi ni macho. Miwani yako imefungwa kwa uzi!"

Hayati, aliyekuwa akileta chai, alisimama mlangoni na sinia lake. Hakuna aliyewahi kumpandishia sauti Fundi Mdahoma ndani ya nyumba ile. Mzee hakukasirika. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu, jambo ambalo inaonekana alilifanya mara nyingi siku zile.

"Unajua hii ni nini?" aliuliza. Kidole chake kilishuka juu ya ukurasa. "Juu moja. Chini yake mbili. Chini yake mbili. Chini kabisa moja. Ukiipindua ni ileile. Katika sura kumi na sita za ramli hii tunaiita Ukla. Kifungo."

Saoudat aliufuata ukurasa kwa kidole, juu mpaka chini.

"Bila zile za juu na chini, si sura. Ni mbili na mbili, haina maana yoyote, ningeiosha nikalala. Basi nilipoona yale madoa nikasema kama wewe: vumbi. Nikafuta. Yako palepale. Nikasema: macho. Nikamwita Hayati, macho yake ni mazima, sikumwambia natafuta nini. Nikamwambia hesabu."

"Nikahesabu sita," alisema Hayati.

"Nikaigeuza nyuma, sita. Nikangoja kesho yake jua lirudi, sita. Siku tatu, mwanangu. Siku tatu nilikuwa nanyanyuka kutoka kwenye mkeka wa sala nakwenda dirishani. Sijapata kukitaka kitu katika maisha yangu kama nilivyotaka zile mbili zisiwepo." Alifunga kope. "Nilikuwa peke yangu na kalamu. Ningeziacha nje, nani angejua? Hayati hajui kusoma ramli. Mama yako hajui. Msa mwenyewe hatajua."

"Na kwa nini hukuziacha?"

Swali lilimtoka kwa nguvu, karibu kwa chuki, na mzee alilishangaa.

"Kwa sababu zilikuwepo," alisema.

Chai ilikuwa imemiminwa na hakuna aliyeigusa. Kutoka chini, kwenye vichochoro, watu walikuwa wakiitana kwa sauti za kwao, ndefu mwishoni. Saoudat alikaa kwenye busati. Aibu ilimshika kuanzia masikio. Alikuwa na maabara, alikuwa na meza ya taa na lenzi ya Kijerumani na miaka kumi na tisa ya shule, na madoa mawili aliyapuliza mara moja tu. Huyu mzee alikuwa na kioo cha dirisha, na mtoto gerezani.

"Mjomba," alisema baadaye, "nisikilize. Si ramli."

"Nini?"

"Ile karatasi si ramli. Ni kazi yangu, ya chuo, ya Ufaransa. Mama aliileta uifiche tu. Hakuna aliyempigia Msa. Hizo nukta hazimhusu Msa hata kidogo, wallahi."

Mdahoma alimtazama. Kisha akamtazama mkewe. "Hazimhusu," alirudia.

"Hazimhusu. Ni vitu vidogo sana, nimevitandaza viwe utando, nikavipiga picha nione vimesimama au vimeinama."

"Alhamdulillahi," alisema mzee, akalia waziwazi mbele ya wanawake, mabega yakitikisika, na Hayati akaja akakaa karibu naye akamshika goti. Ilikuwa furaha na haikuwa furaha. Msa alikuwa gerezani vilevile. Lakini majuma yote yale baba yake alikuwa amebeba hukumu iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na sasa imeondolewa.

Alipotulia, alijipangusa akalivuta daftari tena. Mwalimu ni mwalimu. "Basi hizi zinasema nini? Vimesimama au vimeinama?"

"Nukta zikiwa nne, vimeinama. Zikiwa sita, vimesimama, kama vinavyosimama kwenye bonge."

"Ni sita."

"Hizi mbili ni hafifu. Labda vimeinama kidogo. Labda havijainama kabisa. Siwezi kusema zaidi ya hapo." Alisikia mwenyewe jinsi sentensi ile ilivyokuwa ndogo. Haikufaa kupewa mkono mbele ya maabara nzima, na Wamarekani wasingeifukuzia.

"Na wewe ulipoitazama huko Ufaransa," aliuliza Mdahoma, "kabla sijaiharibu. Ulihesabu ngapi?"

Angeweza kusema nne. Mchoro ulikwisha kusema nne.

"Sita," alisema Saoudat.

"Ukaandika?"

"Nne."

Mzee hakumwuliza kwa nini. Alichukua rula ya chuma iliyotokeza kwenye mkoba wa mpwa wake, akaiweka kwenye mshono wa daftari, akaukata ukurasa taratibu usichanike. Akaandika chini yake jina lake, mji na tarehe, na kwamba amenakili kutoka kwenye asili bila kuongeza wala kupunguza. Akampa kalamu. Saoudat aliandika kwa Kifaransa, chini ya mwandiko wa Kiarabu, kwamba mchoro wa kumi na nne una makosa, kwamba nukta mbili za ncha zilikuwepo na yeye aliziona na akaziacha, kwamba filamu imeharibika katika familia kwa nia njema, na kwamba anaomba sura ya tano ya tasnifu, yenye mchoro huo, iondolewe hata kama jopo halitakaa. Mkono haukwenda haraka. Chupa ya maji ya kijivu mjomba aliirudisha rafuni, kando ya msahafu. Alisema haidhuru, iache tu pale, na Saoudat akamwomba kitu kimoja: mtu asiinywe.

Ijumaa aliporudi, uwanjani Moroni, alikuwepo mamluki yule yule mwenye shingo iliyoiva. Aliikumbuka kanga, aliikumbuka rula. Safari hii akatoa karatasi ya plastiki tupu, akaiinua mbele ya uso wake, akamtazama Saoudat kupitia humo, akaiweka chini. Kisha akaukunjua ukurasa wa daftari, na kicheko kikamwisha.

"Hii nini? Ramani?"

Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni walirudi hatua moja. Mama yake alikuwa amesema kweli, ilifanana.

"Picha ya molekuli," alisema Saoudat. "Za kwenye saa yako."

Mamluki alitazama saa yake, akatazama karatasi, akaona maandishi ya Kiarabu, hakuyapenda. Akapitisha kidole juu ya nukta, akihesabu kwa sauti kama mtu anayetaka kumaliza kazi. Moja, mbili, tatu, nne.

"Nne," alisema, akaanza kuikunja.

Ilikuwa rahisi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kila mtu mwenye akili katika foleni ile alikuwa akimwombea anyamaze.

"Sita," alisema Saoudat.

Mkono wa yule mtu ulisimama. "Nini?"

"Hesabu vizuri. Ziko sita."

Aliifungua tena, akaisogeza kwenye mwanga, akakunja uso. Ilimchukua muda. "Hizi mbili?" alisema. "Hizi karibu hazipo."

"Zipo," alisema Saoudat, na akanyoosha mkono apewe karatasi yake.